Sarafu ya Amani na Mkono wa Tatia

Kila asubuhi Tatia alikata mkate wa shayiri, akavichovya vipande katika divai iliyozimuliwa, akadondosha tone moja juu ya mawe ya moto kwa ajili ya miungu ya nyumba, kisha akampelekea baba yake sahani. Baba yake alikula bila kuitazama, akasema "chumvi", hata siku ambazo chumvi ilikuwamo. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Leo tone lilikuwa halijagusa jiwe, yowe likapasua ua.

Ni lile yowe, wasomaji, tuliloliacha linaning'inia wiki iliyopita. Wapo waliodhani Menekrates ameumwa na nge. Laiti ingekuwa nge. Dawa ya nge inajulikana.

Tatia aliacha sahani akakimbilia kibanda cha nyuma, kule ambako sarafu za mji zilikuwa zikipigwa. Alimkuta baba yake, Menekrates mwana wa Diokles, mkuu wa mji wa Mossyla kwa mwaka huu, amesimama mbele ya fuawe na sarafu ya kwanza kiganjani. Shaba ilikuwa bado ya moto na ilikuwa ikimwunguza, lakini hakuwa na habari nayo. Mbele yake alisimama Papias mchongaji, nyundo begani, na uso wa mtu anayesubiri kusifiwa.

Na kwa kweli sarafu ilikuwa nzuri. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha Kaisari. Hakuna mtu Mossyla aliyepata kumwona Kaisari, kwa hiyo Papias alimpa ndevu za Kaisari aliyetangulia, na kama huyu mpya hana ndevu, basi na azifuge. Upande wa pili walisimama miungu wawili wa kike wameshikana mikono: Artemi wa Mossyla na paa wake, na Mama wa Orkaleia na simba wake. Simba alikuwa mdogo kama paka. Ilibidi. Jina la Menekrates lilihitaji nafasi.

Tatizo halikuwa simba.

"Papias," alisema Menekrates, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, ambayo ni mbaya kuliko yowe. "Huyu aliyesimama kulia ni nani?"

Papias aliinama akaitazama sarafu kwa makini, kana kwamba hakuichonga yeye.

"Ni Artemi, bwana mkubwa. Si unamwona paa?"

"Namwona paa. Anafanya nini kulia?"

"Anasalimiana na mwenzake."

Menekrates alifumba macho.

Kwa msomaji aliyeingia leo: Mossyla hujiita Mji wa Kwanza. Orkaleia, ulioko nyuma ya kilima, nao hujiita Mji wa Kwanza. Wa pili haujapatikana hadi leo. Katika sikukuu kubwa ya jimbo, wajumbe wa miji hii walipigana kwa mienge kwa sababu ya kugombea nani atembee kulia kwa liwali. Baada ya hapo kila mji ukafunga barabara yake. Tini za Mossyla zikaoza ghalani, sufu ya Orkaleia ikaliwa na nondo, na wazee wa pande zote mbili wakatangaza kwamba heshima imelindwa.

Liwali akachoka. Akawaambia wapatane, la sivyo atawanyang'anya haki ya kupiga sarafu zao wenyewe. Kwa miji yetu hii, hilo ni sawa na mzee kuvuliwa nguo sokoni. Basi wakapatana. Sarafu moja ya amani itapigwa Mossyla, miungu wa miji yote miwili wakishikana mikono. Wakapiga kura: Mossyla ukapata jina lake kutangulia katika maandishi, na Orkaleia ukapata upande wa kulia.

Na ili shaba isikae pweke, wazee wakakubaliana pia kwamba Tatia ataolewa na Hermippos, mtoto wa mjumbe wa Orkaleia, zabibu zikishavunwa. Jambo hilo halikupigiwa kura.

Hermippos hakuwa mtu mbaya. Alikuja Mossyla mara kadhaa, akakagua meno ya nyumbu wa Menekrates, akakisifu kisima, akauliza kama binti ni mzima. Menekrates akajibu kwamba ni mzima. Tatia alikuwa amesimama palepale na jagi la maji.

Amani ikivunjika, na ndoa itavunjika. Hilo alilijua kila mtu. Tatia alilijua kuliko wote, na ndiyo maana sasa alisimama mlangoni pa kibanda, mikono imenata divai.

"Nilichora mwenyewe," Menekrates alikuwa akisema. "Mama wa Orkaleia nilimchora kushoto. Kushoto kwenye ubao, ili kwenye muhuri wa kupigia awe kushoto, ili kwenye sarafu atoke kulia. Mimi si mjinga, Papias. Nina pete ya muhuri."

"Kushoto ulimchora, ni kweli," alisema Papias. "Nami nikamgeuza."

"Kwa nini ulimgeuza?"

"Bwana mkubwa, mimi kila picha naigeuza. Baba yangu alikuwa akigeuza. Nisipogeuza, watu wanatoka nyuma mbele."

Hapo ndipo kosa lote lilipokuwa, limekaa wazi kama mbuzi juu ya paa. Kila mwenye pete ya muhuri anajua kwamba kilichochongwa kushoto hutokea kulia. Wachoraji wa kawaida huchora picha kama inavyotakiwa kutoka, na kazi ya kuigeuza humwachia mchongaji. Lakini Menekrates hakuwa wa kawaida. Yeye aliigeuza mapema, asije fundi akakosea. Naye fundi akaigeuza tena, asije bwana akawa amekosea. Kosa ambalo halikuwapo likasahihishwa na mabingwa wawili.

"Lakini niliagiza," alisema Menekrates polepole. "Niliagiza uambiwe kwamba picha imeshageuzwa, uchonge kama unavyoiona." Akageuka mlangoni. "Tatia. Ulimwambia?"

Mvukuto ulipumua mara ya mwisho ukanyamaza.

Tatia aliikumbuka siku ile vizuri mno. Alikuja na ubao wa nta chini ya shuka, akampa Papias. Papias aliupokea akauliza kama kuna neno lolote kutoka kwa bwana mkubwa. Yeye akasema hakuna. Halafu akarudi jikoni akachambua dengu, na kila dengu aliyoitupa ilimwambia bado una nafasi ya kurudi. Hakurudi.

"Nilisahau, Baba," alisema.

Papias alimtazama. Alimtazama kidogo tu, kisha akaanza kuikuna shingo yake.

"Huenda aliniambia, bwana mkubwa," alisema. "Masikio yangu haya yameshaliwa na nyundo. Huenda alisema mimi nikasikia mbuzi."

Tatia alitamani ardhi immeze. Mwongo mmoja anaweza kujitetea, lakini afanye nini anapotetewa na mtu aliyemponza?

Menekrates hakuhitaji kusikia zaidi. Mkuu wa mji akipewa watu wawili wa kulaumiwa, binti yake na fundi, huchagua kwa haraka ya kushangaza. Akasema, kwa utulivu wa mtu aliyepata suluhisho, kwamba Zenodotos, mjumbe wa Orkaleia, akifika leo kuiona sarafu ataonyeshwa kosa pamoja na mkosaji. Muhuri utapondwa mbele yake. Vyombo vya Papias vitavunjwa kimoja kimoja mbele yake. Papias mwenyewe atatolewa mjini kabla ya jua kuzama, na hapo Orkaleia utaona kwamba Mossyla hauchezi na heshima ya mtu.

"Patasi zangu ni za baba yangu," alisema Papias. Aliziangalia pale zilipopangwa juu ya ngozi, ndogo kama meno ya panya.

Tatia alifungua mdomo. Neno lilikuwa limefika kooni, limevaa viatu, tayari kutoka.

"Hodi," ilisema sauti nje ya kibanda. "Naona mnafanya kazi. Kwetu Orkaleia tulidhani mnachonga tu majina."

Alikuwa Zenodotos, mjumbe wa Orkaleia, mzee mrefu mwenye tumbo la heshima. Alipaswa kusubiri na wageni wenzake kwenye lango la mji apokewe kwa tarumbeta. Amekuja kwa miguu yake, kwa njia ya nyuma, na hilo lilimaanisha kitu kimoja: amekuja kupeleleza.

Menekrates akaficha mkono nyuma.

"Karibu, ndugu yangu Zenodotos. Umepitaje? Si mto umejaa?"

"Ule mto mlioupiga kwenye sarafu zenu za zamani, jitu limejilaza na ndevu mpaka kifuani? Nimeuvuka sasa hivi. Viatu havikulowa."

"Ni mto mpole. Kama hekalu lenu, lile lenye nguzo nane kwenye sarafu. Nilipolihesabu nilipata nne."

"Nyingine ziko ndani."

"Bila shaka. Zimepumzika."

Walicheka wote wawili kwa meno ya mbele. Kisha Zenodotos akanyosha kiganja.

"Nipe hiyo uliyoificha."

Hapakuwa na njia. Menekrates aliitoa sarafu kama mtu anayetoa jino lake mwenyewe, na papo hapo akaanza maelezo: kwamba kuna fundi mmoja, kiziwi, ambaye atapewa adhabu yake sasa hivi, kwamba mji hauhusiki kabisa. Zenodotos alimnyamazisha kwa kidole. Akaisogeza sarafu karibu na jicho, akaisogeza mbali, akatoka nayo kwenye mwanga.

Tatia alihesabu pumzi zake. Sasa atakasirika, aliwaza. Ataitupa chini. Ataondoka, na mimi nitamwambia Baba ukweli juu ya Papias, anipige akitaka, lakini nitakuwa nimepigwa nikiwa kwetu.

Zenodotos aligeuka. Macho yake yalikuwa na maji.

"Menekrates," alisema. "Nimekuwa nikikusema vibaya kwa watu."

Hata Menekrates alikuwa akifanya hivyohivyo.

"Nilikuwa na hakika mtatudanganya," Zenodotos aliendelea. "Nilikuja na hotuba ya kukasirika, nimeikariri njia nzima. Nilisema, hawa wa Mossyla watahesabu kulia kwa mtazamaji, wamweke Mama yetu upande ule, halafu waseme si mmepata kulia? Lakini umemweka kulia kwa kweli. Kulia kwa miungu wenyewe."

Na hapo ikajulikana desturi moja ya Orkaleia ambayo Mossyla, kwa muda wote wa kuwachukia, haukuwahi kuuliza. Kwao mtu haombi akiwa amemkabili Mama usoni, maana huo ni utovu wa adabu. Husimama ubavuni pake na kutazama anakotazama yeye. Kwa hiyo kulia kwao huhesabiwa kutoka kwa miungu wakiwatazama watu, si kulia kwa kila mpita njia mwenye macho. Picha iliyokosewa mara mbili ilikuwa imetoka sawasawa kabisa na kura, kwa hesabu ya Orkaleia.

Menekrates alitazama sarafu, akamtazama mjumbe, akaitazama sarafu tena. Kisha alivuta pumzi, na kwa pumzi ileile akawa mtu mwingine.

"Ulitegemea nini?" alisema. "Nilichora mwenyewe."

Alimkumbatia Zenodotos. Alimkumbatia hata Papias, akamwita mkono wangu wa kulia, akamtangaza kuwa fundi bora wa jimbo zima, na akamuuliza mbele ya watu kwa nini amesimama bure wakati sarafu za mji zinasubiri. Papias alizifunika patasi zake kwa ngozi, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto.

Tatia alishusha pumzi kwa ajili ya Papias. Hakupata nafasi ya kuishusha kwa ajili yake mwenyewe, maana Zenodotos alikuwa bado hajamaliza kufurahi.

"Ndugu yangu, kwa heshima hii, zabibu za nini?" alisema. "Kijana wangu yuko langoni na wenzake. Leo tunaonyesha sarafu mbele ya watu wote, na leo leo watoto washikane mikono, kama miungu wao. Jioni tunaondoka na bibi harusi."

"Leo leo," alisema Menekrates. "Tatia, kanawe mikono."

Hivyo ndivyo hila inavyomlipa mtu asiyeizoea. Neno lile alilolimeza ili amani ivunjike ndilo lililoitengeneza, na ndoa iliyokuwa mbali ikasogezwa mpaka mlangoni. Kama angekuwa mtiifu, wangekuwa wamegombana.

Walimvisha shuka la zafarani la marehemu mama yake. Shangazi wa jirani alimfunga nywele akimwambia kwamba Orkaleia kuna maji mazuri. Tatia alisema asante. Aliulizwa kama ana furaha, akasema asante tena, na shangazi akaridhika.

Kufikia saa ya watu kutafuta kivuli, ukumbi wa michezo ulikuwa umejaa mpaka ngazi za juu. Watu walikuja na mbaazi za kukaanga na mito ya kukalia, kwa kuwa walijua Menekrates atahutubia. Alihutubia. Alianzia mbali, kwa babu zake, na baadhi ya wazee walisinzia na kuamka wakamkuta bado yuko kwa babu.

Kisha sarafu ikazungushwa. Wazee wa Mossyla waliishika, wakaona Artemi wao amesimama kulia, na wakagusana viwiko. Menekrates huyu ni hatari, walinong'onezana. Amewaibia kulia kwao na wao wanacheka. Sarafu ikapita kwa wageni wa Orkaleia. Nao wakaona Mama yao amesimama kulia kwa Artemi, wakagusana viwiko vilevile. Ilikuwa amani ya aina adimu, ya kudumu: kila upande uliamini umemchezea mwenzake, na kila upande ukaamua, kwa ukarimu, kutomwambia.

Wakaitwa wanandoa.

Hermippos alikuja mbele ya madhabahu, amepakwa mafuta, ananukia majani. Alinyosha mkono wake wa kulia na kuangalia juu ya kichwa cha Tatia, kule walikokaa rafiki zake. Mkono ulikuwa safi. Haukuwa mkono mbaya. Ulikuwa umenyoshwa kama mtu anavyonyosha mkono kupokea koti lake.

Desturi haitaki bibi harusi aseme kitu. Inataka mkono tu.

Tatia aliuangalia mkono wake. Ulikuwa chini ya shuka, na haukuwa ukija.

"Mkono, mwanangu," alisema Menekrates, akitabasamu kwa watu.

"Baba, sikusahau."

"Baadaye."

"Papias aliniuliza kama kuna neno. Nikamwambia hakuna. Sikusahau."

Alisema kwa mnong'ono. Hakuwa na sauti nyingine. Lakini waliojenga ukumbi ule waliujenga kwa akili, jiwe kwa jiwe, ili mnong'ono wa mtu aliyesimama pale chini umfikie hata mchunga mbuzi aliyekaa juu kabisa. Kutafuna mbaazi kukakoma, safu moja baada ya nyingine, kama mvua inavyokatika. Tabasamu la Menekrates lilibaki usoni, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Katika safu ya mbele Zenodotos alifumbua kiganja chake. Aliitazama sarafu kwa muda. Aliigeuza, akaitazama tena, na furaha ikaanza kumtoka taratibu.

"Neno gani hilo?" aliuliza.

"La jikoni," alisema Menekrates upesi. "Mambo ya chumvi."

"Sikukuuliza wewe." Mzee alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu miji ile ianze kupatana, mtu wa Orkaleia alimtazama binti wa Menekrates machoni na kumwuliza kitu. "Neno gani, mwanangu?"

Hermippos alikuwa bado amenyosha mkono. Papias, aliyesimama nyuma ya nguzo na aproni yake, alitikisa kichwa: usiseme, mwanangu, yamekwisha. Tatia alimwona. Alimwona na baba yake pia, midomo imekauka, akimwomba kwa macho, yeye ambaye maishani mwake hakuwahi kumwomba kitu, hata maji.

Tatia alimgeukia Zenodotos.

"Kwamba picha ilikuwa imeshageuzwa. Baba alitaka Mama yenu akae upande ule mwingine, na Papias alichonga bila kuambiwa, kwa sababu neno nililimeza mimi. Nililimeza makusudi. Nilitaka sarafu itoke vibaya, mkosane, nibaki nyumbani. Imetoka vibaya na mmepatana, kwa hiyo sina tena cha kujificha nyuma yake." Akautoa mkono chini ya shuka, akaushika kwa mkono wake mwingine. "Sitaki kuolewa na Hermippos. Hakuna aliyeniuliza, lakini sitaki."